Fedha za ulinzi wa mtaa: walinzi, taa, kamera au nondo? Naomba ushauri

Katibu wa Kamati

Ndugu wanajukwaa, habari za jioni. Naomba ushauri wenu juu ya jambo ambalo limeugawa mtaa wetu kwa miezi miwili sasa.

Mimi ni katibu wa kamati ya ulinzi katika mtaa mmoja wa pembezoni mwa Dar es Salaam, upande wa Barabara ya Morogoro, eneo ambalo zamani lilikuwa mikorosho na mashamba ya mihogo na leo lina nyumba 86, nyingi zikiwa bado hazijapigwa lipu. Tangu Januari tumeandikisha matukio 11 ya kuvunjwa nyumba, na kinachochukuliwa ni kile kile kila mara: televisheni, mtungi wa gesi, kompyuta mpakato, pampu ya maji, na mara mbili betri ya gari. Jirani yangu, mjane anayeuza vitenge, ameingiliwa mara mbili ndani ya wiki tatu, na mara ya pili wezi waliondoka na televisheni aliyoinunua kwa mkopo wa kikoba baada ya ile ya kwanza kuibiwa. Niliitwa siku hiyo hiyo. Nondo za dirisha la jikoni zilikuwa zimepanuliwa kwa jeki ya gari, zikapinda huku na huku, na juu ya karo la kuoshea vyombo palikuwa na alama ya matope ya mguu mmoja mdogo, mguu wa mtoto asiyezidi miaka kumi na mbili. Alama ile sijaweza kuisahau.

Mkutano wa mtaa umekubali kila nyumba ichange shilingi 15,000 kwa mwezi, yaani shilingi 1,290,000 kama wote watalipa. Ugomvi ni namna ya kuzitumia. Wengine wanataka walinzi wawili wa kampuni, ambao tumetajiwa shilingi 550,000 kwa kila mmoja kwa mwezi. Wengine wanataka vijana wetu wa ulinzi shirikishi wapewe posho, tochi na filimbi. Kuna wanaodai taa za sola, ambazo fundi ametukadiria shilingi 180,000 kwa moja pamoja na nguzo, na kuna wenye uwezo wanaosisitiza kamera. Wazee wachache, kwa bahati mbaya, wanasema dawa ni kumpata mwizi mmoja na kumfanya awe mfano kwa wengine, nasi sote tunaelewa maana yake.

Je, kuna anayefahamu, si kwa kusikia tu bali kwa mambo yaliyojaribiwa mahali fulani na kupimwa, ni njia ipi hupunguza wizi wa mali kwa fedha kidogo kama zetu?

Askari Mstaafu

Ndugu Katibu, nakupongeza kwa kuuliza kabla ya kulipa. Nilifanya kazi ya doria kwa miaka mingi, na nitaanza na jambo ambalo mimi mwenyewe lilinichukua muda kulikubali.

Doria inayozunguka kila mahali bila mpango maalumu haizuii wizi kwa kiwango tunachodhani. Jambo hili lilijaribiwa huko Kansas City, Marekani, kati ya mwaka 1972 na 1973. Polisi waliligawa eneo moja la mji katika sehemu 15: tano zikaondolewa doria ya kawaida kabisa na polisi wakaenda pale walipoitwa tu, tano zikaachwa kama zilivyokuwa, na tano zikaongezewa magari ya doria mara mbili hadi tatu. Baada ya mwaka mmoja, uvunjaji wa nyumba haukutofautiana kwa namna ya maana kati ya makundi hayo matatu, wala hofu ya wananchi haikupungua kule kulikoongezewa doria. Wengi waliposikia habari hiyo walihitimisha kwamba polisi hawana faida, na hapo walikosea. Zaidi ya miaka kumi baadaye watafiti waliochambua simu zilizopigwa polisi katika mji wa Minneapolis waligundua kwamba takribani asilimia 3 tu ya anwani za mji mzima ndizo zilizozaa nusu ya simu zote. Walipojaribu kupeleka askari zaidi katika sehemu hizo chache zilizokithiri, matokeo yalionekana.

Maana yake kwako ni hii. Walinzi wawili wanaozunguka nyumba 86 usiku kucha ni Kansas City ndogo: mlinzi akiwa mwisho wa mtaa huku, mwizi yuko mwisho ule, na mwizi wa mtaani anazijua saa za mlinzi kuliko hata msimamizi wake. Kabla ya kuchagua lolote, nunua daftari la kurasa 96. Andika kila tukio kati ya hayo 11: siku, saa kadiri inavyojulikana, waliingilia wapi, walitokea wapi, nani alikuwa nyumbani. Waombe pia waathirika namba zao za RB, yaani namba ya taarifa wanayopewa kituoni wakiripoti, na ambaye hakwenda kuripoti aandikwe vilevile, kwa sababu nina hakika wako zaidi ya hao 11. Wengi hawaripoti wakiamini kwamba mali haitarudi, na kwa kunyamaza kwao kituo hakina namna ya kujua kwamba mtaa wenu una tatizo.

Kuhusu hao wazee wanaotaka mwizi mmoja awe mfano, waambie bila kuwaficha kwamba hayo ni mauaji na sheria itawahesabu kuwa wauaji, hata kama gazeti litaandika "wananchi wenye hasira kali". Nimewahi kuondoa mwili wa kijana wa miaka 17 chini ya mwembe, na siku ya tatu ikathibitika kwamba simu aliyotuhumiwa kuiiba ilikuwa imedondoka kwenye kiti cha bajaji.

Mbongo wa Lancashire

Shikamoo Mzee wetu Askari Mstaafu. Naunga mkono habari ya daftari, nami naongeza mfano kutoka huku ninakoishi, kwa sababu unamhusu moja kwa moja yule mama wa vitenge.

Karibu na Manchester kuna mji uitwao Rochdale, na ndani yake kuna makazi ya watu wa kipato cha chini yaitwayo Kirkholt. Katikati ya miaka ya 1980 hali ilikuwa mbaya kiasi kwamba kwa mwaka mmoja idadi ya matukio ya uvunjaji ilikuwa sawa na robo ya nyumba zote. Walioletwa kusaidia hawakuanza na kuongeza polisi. Walikaa na waathirika, wakazungumza na wezi waliokwisha kukamatwa, na wakabaini jambo ambalo lilikuwa mbele ya macho ya kila mtu: nyumba iliyokwisha kuibiwa ilikuwa katika hatari ya kuibiwa tena mara nyingi zaidi ya nyumba ambayo haijaguswa. Mwizi ameshajua njia, ameshajua mbwa hayupo, na anajua kwamba baada ya wiki chache mwenye nyumba atakuwa amenunua kingine kipya.

Basi waliweka nguvu zao kwenye nyumba hizo. Mtu akivunjiwa leo, milango na madirisha yake yaliimarishwa mara moja, na majirani wapatao sita wanaoizunguka nyumba yake waliombwa waikodolee macho hiyo nyumba tu, si mtaa mzima. Jambo la pili lilihusu mita za umeme na gesi za kutumbukiza sarafu, zilizokuwa zikikusanya fedha taslimu ndani ya nyumba za maskini na kuwavuta wezi. Ziliondolewa na kuwekwa za aina nyingine. Ndani ya miaka mitatu uvunjaji ulishuka kwa takribani asilimia 75.

Kamera nazo zimepimwa sana huku Uingereza, nchi yenye kamera kila kona. Zilipofanya vizuri hasa ni kwenye maegesho ya magari, ambako uhalifu ulipungua kwa takribani nusu, tena mara nyingi zikiwa zimeambatana na taa na walinzi. Katika mitaa ya makazi faida yake ilikuwa ndogo mno. Kamera isiyokuwa na mtu wa kuitazama na mwingine wa kukimbilia tukio inakuachia picha ya kofia na mgongo.

Taa zina ushahidi mzuri zaidi. Mwaka 2016 mji wa New York uliweka minara ya taa katika baadhi ya makazi ya umma yaliyochaguliwa kwa bahati nasibu, na uhalifu mkubwa wa usiku, ule wa nje ya majengo, ulipungua kwa takribani asilimia 36. Zingatieni hayo maneno, usiku na nje. Kama wezi wenu huja mchana, taa hazitawazuia.

Fundi wa Mageti

Mimi nachomelea mageti na grili hapa Dar, na ninapenda kusema machache kuhusu nondo, kwa sababu watu hutoa fedha nyingi na kufungiwa kitu kisichowalinda.

Jeki hupanua nondo kwa sababu tatu. Ya kwanza, nondo ni nyembamba. Fundi anaambiwa milimita 12 na anaweka milimita 10, kisha anapaka rangi nzito. Ya pili, nondo zimesimama peke yake bila kipande cha mlalo kinachozifunga katikati, hivyo zina urefu wa kutosha kupinda. Ukichomelea flatibaa mbili za mlalo, moja kwenye theluthi ya juu na nyingine kwenye theluthi ya chini, na kila makutano yakapigwa welding pande zote mbili badala ya nukta moja, jeki itahangaika sana. Ya tatu, na hapa ndipo wengi wanapoumia, grili nzima imeshikiliwa na misumari minne iliyopigwa kwenye lipu. Huyo mwizi hana haja hata ya jeki; mtaimbo mmoja unang'oa grili yote kama kifuniko cha sufuria. Grili inatakiwa iwe na masikio yanayoingia ndani ya tofali angalau sentimita kumi na kujengewa kwa zege, na ikiwezekana ifungwe wakati ukuta unapandishwa.

Nafasi kati ya nondo na nondo isizidi sentimita kumi. Katibu ametaja mguu wa mtoto. Mtoto hupitishwa kwenye nafasi ambayo mtu mzima anaona ni finyu, kisha anafungua mlango wa jikoni kwa ndani, ambao mara nyingi una komeo tu au ufunguo umeachwa kwenye kitasa. Usiuache ufunguo hapo. Kufuli ya ndani ya mlango wa jikoni ni gharama ya maelfu machache ya shilingi, na naamini ingezuia matukio mengi kuliko kamera ya laki sita.

Tazameni na nje ya nyumba. Ngazi ya mafundi iliyoachwa kwenye jengo ambalo halijaisha, matofali yaliyopangwa kando ya uzio na pipa la maji chini ya dirisha la choo vyote ni ngazi za mwizi. Na ukuta mrefu ambao haumruhusu jirani kuona ndani unamficha mwizi akishauruka. Hapo anafanya kazi kwa utulivu. Mimi napata riziki kwa kuta na mageti, lakini wateja wangu huwaambia ukweli huo.

Msomaji wa Mombasa

Ndugu zangu, nyote mmezungumzia nyumba, na hamjazungumzia anayenunua. Televisheni haiibwi ili itazamwe na mwizi. Inaibwa kwa sababu kabla ya jua kuzama kuna mtu ataitoa mikononi mwake kwa bei ya kutupa na hatauliza risiti.

Hapa Kenya tulijifunza hilo kupitia vyuma kuukuu. Nguzo za njia kuu za umeme, reli na vifuniko vya mitaro viliibwa kwa miaka, walinzi wakaongezwa, na wizi ukaendelea. Januari 2022, baada ya nguzo kuanguka na umeme kukatika nchi nzima, Rais Uhuru Kenyatta alisimamisha biashara yote ya vyuma hivyo. Marufuku iliondolewa mwezi Mei mwaka huo, na wafanyabiashara wakawekewa masharti makali zaidi ya leseni. Siwezi kuisifu moja kwa moja, kwa maana vijana wengi wanaookota chuma cha halali walilala njaa miezi hiyo, lakini ilifika mahali ambapo doria haifiki, yaani kwenye mfuko wa mnunuzi.

Kwenu Tanzania mamlaka ya mawasiliano ilizima simu bandia mwezi Juni 2016 kwa kutumia namba za IMEI, yaani namba ya utambulisho ya kila simu, na namba hizo hizo huwezesha simu iliyoibwa kufungiwa isitumike kwenye mtandao wowote wa nchi. Ni watu wangapi katika hizo nyumba 86 wameandika IMEI za simu zao? Bonyeza *#06# uione, uiandike kwenye daftari. Vivyo hivyo namba za televisheni na pampu. Chongeni jina la mtaa kwenye mtungi wa pampu kwa msumari wa chuma, kisha viongozi wenu watembelee maduka ya vitu vilivyotumika yaliyo jirani wakiwa na orodha. Mnunuzi akijua kwamba mali ya mtaa ule ina alama na kwamba kuna watu wanaoifuatilia, atamwambia mwizi aipeleke kwingine, au ataikataa. Najua mtu atauliza kama wizi hauhamii mtaa wa pili. Unahama kwa sehemu, lakini tafiti nyingi zinaonyesha kwamba hauhami wote, na mara nyingine mitaa ya jirani nayo hunufaika.

Mwalimu wa Kahama

Nimewasoma nyote kwa furaha. Kwa kuwa ulinzi shirikishi umetajwa, na kwa kuwa mimi nilikuwa kijana Kahama wakati sungusungu wanaanza mwanzoni mwa miaka ya 1980, niruhusuni niseme nilichokiona.

Wizi wa ng'ombe ulipungua kweli. Yowe likipigwa kijiji hiki, kijiji cha pili kililipokea, na wanaume waliufuata unyayo wa mifugo hadi wanapoukabidhi kwa wenzao wa mbele. Njia ile ilifanikiwa kwa kuwa ng'ombe huacha nyayo, hatembei haraka, na kila mtu alimjua kila mtu. Serikali iliwakubali, na baadaye sheria ikawatambua. Lakini niliona pia watu wakipigwa hadi kukiri wasichokifanya, na vikongwe wakiitwa wachawi. Kundi lisilo na wa kulisimamia hugeuka. Kwa hiyo Katibu, mkiwatumia vijana, majina yao yaandikwe kituoni, wafanye kazi chini ya mwenyekiti wa mtaa na polisi kata, na wawe na kazi moja tu: kuona, kupiga filimbi, kumshikilia mtu bila kumpiga na kumkabidhi polisi.

Sasa narudi kwenye ule mguu mdogo. Nimefundisha miaka 34 na siwezi kuupita. Huko Monrovia, Liberia, watafiti waliwafuatilia wanaume 999 waliokuwa wakiishi kwa wizi na vurugu. Baadhi walipewa wiki nane za mafunzo ya kujitawala na kujiona upya, baadhi walipewa dola 200, baadhi vyote viwili, na wengine hawakupewa chochote. Waliopata fedha pekee walirudi walikokuwa upesi, na kwa waliopata mafunzo pekee mabadiliko yalififia ndani ya mwaka. Waliopata vyote viwili walipunguza wizi na vurugu kwa kiasi kikubwa, na miaka kumi baadaye tofauti ilikuwa bado inaonekana. Mtaa wenu hauna uwezo wa mradi kama huo, nalifahamu hilo. Lakini mtoto wa miaka kumi na mbili anayepitishwa dirishani saa za masomo ni mtoto ambaye hayupo kwenye daftari la mahudhurio. Mwalimu mkuu wa shule iliyo karibu nanyi anaweza kukwambia leo ni watoto wangapi wametoweka darasani tangu Januari, na nyumbani kwao ni wapi. Nendeni kwao mkiwa wazazi.

Katibu wa Kamati

Nawashukuru sana, na shikamoo kwa wazee wangu wawili. Sikujibu mapema kwa sababu nilifuata agizo la daftari, nikapita nyumba kwa nyumba siku nne pamoja na mjumbe wetu.

Nimestaajabu. Matukio yale 11 yametokea katika nyumba 7 tu: moja mara tatu, mbili mara mbili mbili, na nne mara moja moja. Nyumba 6 kati ya hizo 7 zinapakana na korongo nyuma ya mtaa, ambako kuna njia ya miguu ichepukayo kwenye kichaka cha mibono. Na jambo ambalo hakuna aliyelitarajia kwenye mkutano ni kwamba matukio 8 yalitokea mchana, kati ya saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri, watu wakiwa kazini au kanisani. Tulikuwa tunajiandaa kulipa shilingi 1,100,000 kila mwezi kwa walinzi wa usiku.

Jumapili nitapeleka pendekezo. Mchango wa mwezi wa kwanza uende kwenye grili na kufuli za nyumba hizo 7, kwa vipimo alivyovitaja Fundi, na mwenye uwezo aongezee mwenyewe. Kichaka cha kwenye korongo kikatwe kwa nguvu zetu Jumamosi. Mama wawili wenye vibanda vya mboga wamekubali kuhamia kwenye mdomo wa ile njia iwapo tutawajengea kivuli, na hapo watakaa kuanzia asubuhi hadi jioni, macho yao yakiwa kwenye njia. Taa mbili za sola ziwekwe upande huo huo. Vijana wanne watapewa posho ya saa za mchana, na majina yao nimeyapeleka kwa polisi kata jana. Kamera tumeziacha.

Kwa Mwalimu: nilikwenda shuleni. Kuna watoto watatu ambao hawajaonekana tangu Februari, na mmoja wao anaishi na bibi yake ng'ambo ya korongo. Mimi na mama wa vitenge tutakwenda kwao kesho jioni. Yeye mwenyewe ndiye aliyeomba kuandamana nami.